Kilichochanganywa Kimekaa Wapi?

Magnesiamu inasingiziwa mengi: inawaka, inaliwa na kutu, haistahimili joto. Toleo hili zima tumelitenga kwa ajili ya aloi zake, na nashikilia kwamba lawama nyingi zinaiangukia metali isiyo na kosa. Sentimita moja ya ujazo ya magnesiamu ina uzito wa gramu 1.74, ya alumini 2.70. Wepesi huo imezaliwa nao. Tabia nyingine nyingi tunaitia sisi wenyewe, tanuruni.

Chukua Volkswagen Beetle, gari lililoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1962. Bloku ya injini yake ilisubiwa kwa aloi ya magnesiamu, mwanzoni yenye alumini kama asilimia 8 na zinki kidogo. Sehemu ya alumini huyeyukia ndani ya punje za metali na kuzifanya ngumu. Inayobaki husukumwa nje kadiri metali inavyoganda, ikaungana na magnesiamu na kujipanga mipakani mwa punje. Injini ikiwa baridi, hakuna tatizo. Joto likipita nyuzi 120 hivi, muungano huo hulainika, punje huanza kuteleza polepole, na bolti zilizokazwa barabara hulegea bila mtu kuzigusa.

Injini zilipoongezewa nguvu, joto nalo likapanda. Wahandisi wakapunguza alumini hadi asilimia 4 na kutia silikoni, asilimia 1 tu. Silikoni karibu haiyeyukii kabisa ndani ya magnesiamu iliyoganda. Hufanya nayo muungano usioyeyuka mpaka nyuzi 1,085, ilhali magnesiamu yenyewe huyeyuka kwa 650. Basi mipakani pakapata mlinzi asiyeogopa joto. Lakini aloi hiyo ikipoa taratibu kwenye kalibu ya mchanga, muungano huo huota matawi makubwa na kuifanya metali iwe rahisi kuvunjika. Ndiyo maana husubiwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma, ipoe upesi.

Kwa hiyo silikoni ni nzuri au mbaya? Swali hilo halina jibu, na nasikitika kwamba vitabu vingi bado vinalijibu kwa jedwali: elementi hii, faida hii. Zirkoni hupunguza sana ukubwa wa punje, lakini ukiitia penye alumini, hizo mbili hushikana na kuzama chini ya sufuria, kazi bure.

Kutu nayo ina habari yake. Mwaka 1942 watafiti wa kampuni ya Dow, Marekani, walionyesha kwamba chuma kikizidi sehemu 170 hivi kwa milioni katika magnesiamu, kasi ya kuliwa hupaa ghafla. Nikeli inatosha sehemu chache tu. Chembe hizo hazichanganyiki na metali. Hukaa peke yake kama vibetri vidogo na kuila kila penye maji ya chumvi. Manganizi huokoa kwa kukikamata chuma: kingi huzama nayo kabla ya kumimina, na kinachobaki hupungua ukali.

Ndiyo sababu niliwaomba waandishi wote watangulize picha ya hadubini, inayoonyesha kila kilichochanganywa kimekaa wapi, kabla ya takwimu za nguvu. Wenye karakana waanze na makala kuhusu sufuria za kuyeyushia: ya chuma cha pua chenye nikeli huharibu mchanganyiko hata kama vipimo vingine vyote ni sahihi.