Uvimbe kichwani mwa mtoto: kabla ya mionzi, ukoo uulizwe

Mama anamwogesha mtoto wa miaka minne na kuona mabaka ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Mawili yako mgongoni, moja pajani, mengine tumboni. Anamuuliza mama mkwe, naye anajibu bila kugeuka: “Hizo ni alama za kuzaliwa tu, mwanangu. Hata baba yake anazo.” Mtoto anapakwa mafuta, anavalishwa, na habari inaishia hapo.

Mara nyingi bibi hakosei. Baka moja au mawili ya namna hiyo ni jambo la kawaida kwa watoto wengi na halina madhara. Lakini yale maneno ya mwisho, “hata baba yake anazo,” ndiyo daktari angetaka kuyasikia kuliko yote. Siku mtoto akikutwa na uvimbe kwenye ubongo, maneno hayo yanaweza kubadili mpango mzima wa matibabu, hasa pale familia inapoambiwa kuna tiba ya mionzi isiyohitaji kisu.

Upasuaji usio na kisu

Tiba hiyo huitwa upasuaji wa mionzi, na chimbuko lake ni Uswidi. Daktari wa upasuaji wa ubongo, Lars Leksell, aliyezaliwa mwaka 1907, alifanya kazi wakati ambapo kufungua fuvu la mgonjwa kulikuwa na hatari kubwa. Akajiuliza kama inawezekana kufika ndani kabisa ya ubongo bila kuukata. Mwaka 1949 alichapisha habari za kifaa chake cha fremu kinachofungwa kichwani ili kupima mahali palipokusudiwa. Mwaka 1951 akaeleza wazo la kutumia miale badala ya kisu.

Kwanza alijaribu eksirei. Baadaye yeye na mwanafizikia Börje Larsson wa Uppsala wakajaribu miale ya protoni, lakini mtambo wake ulikuwa mkubwa na mgumu mno kwa hospitali. Hatimaye wakageukia madini ya kobalti yanayotoa mionzi. Mwaka 1968 mashine ya kwanza ya Gamma Knife ilianza kazi jijini Stockholm, ikiwa na vyanzo 179 vya kobalti vilivyopangwa kuzunguka kichwa.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kuielewa. Umeme umekatika usiku na pete imedondoka uani. Tochi ya simu moja inatoa mwanga hafifu. Watu wakizunguka na kuelekeza tochi zao zote mahali pamoja, pale zinapokutana panang’aa sana, huku sehemu nyingine za ua zikibaki na mwanga kidogo. Ndivyo miale ile inavyofanya. Kila mmoja peke yake ni dhaifu na hupita kwenye ubongo bila kuacha madhara makubwa, lakini pale yote inapokutana, seli za uvimbe hupata kipigo kizito.

Mgonjwa hashonwi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Hata hivyo uvimbe hautolewi. Seli zake hupoteza uwezo wa kugawanyika, kisha uvimbe husimama au kusinyaa polepole kwa miezi na hata miaka. Ndiyo maana tiba hii hufaa zaidi uvimbe mdogo, kwa kawaida usiozidi takribani sentimita 3. Uvimbe mkubwa unaobana ubongo leo hauwezi kusubiri miezi.

Mmarekani John Adler alikwenda kujifunza kwa Leksell katikati ya miaka ya 1980. Aliporudi Chuo Kikuu cha Stanford alibuni CyberKnife, mashine yenye mkono wa roboti isiyohitaji fremu ya skrubu kichwani. Afrika Mashariki nayo imeanza kuijua teknolojia hiyo: Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, nchini Kenya, ina mashine ya aina hiyo. Kwa hiyo swali la mionzi si la mbali tena. Mzazi wa huku naye anaweza kukutana nalo.

Breki mbili za seli

Hapa ndipo mabaka ya bafuni yanaporudi. Mwaka 1882 daktari Mjerumani, Friedrich von Recklinghausen, alieleza kwa kina ugonjwa wa uvimbe kwenye mishipa ya fahamu ambao leo huitwa neurofibromatosi aina ya kwanza, au NF1. Humpata takribani mtoto 1 kati ya 3,000. Mwaka 1990 watafiti waliitambua jeni yake kwenye kromosomu ya 17.

Jeni hiyo ni kama breki: huzuia seli zisikue ovyo. Kila mtu huzaliwa na nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mtoto mwenye NF1 huanza maisha na breki moja mbovu katika kila seli. Inayobaki ikiharibika katika seli fulani, seli hiyo hupata njia ya kukua bila kizuizi, na uvimbe unaweza kuanza.

Sasa ikumbukwe mionzi inavyoua uvimbe: huvunja vinasaba vya seli zake. Hata miale ikilengwa vizuri namna gani, seli za jirani hupata kiasi kidogo. Mtoto wa kawaida ana breki ya akiba. Mwenye NF1 hana. Mionzi inayomtibu leo inaweza kumwachia uvimbe mwingine miaka mingi baadaye, tena mbaya zaidi. Inaweza pia kuibana mishipa ya damu ya ubongo.

Kwa sababu hiyo, mtoto mwenye NF1 akipata uvimbe kwenye neva inayotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, jambo linalowapata baadhi yao hasa kabla ya miaka 7, madaktari hukwepa mionzi kadiri wanavyoweza. Wengi wa watoto hao hawahitaji tiba yoyote. Hufuatiliwa kwa kupimwa macho na kwa picha za MRI. Uoni ukianza kushuka, kwa kawaida hupewa dawa. Mzazi asiyejua haya anaweza kudhani mwanawe anacheleweshwa, kumbe analindwa.

Ipo pia aina ya pili, NF2, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu ya 22 na ilitambuliwa mwaka 1993. Hii huleta uvimbe kwenye neva za masikio yote mawili. Kijana husikia mlio sikioni, usikivu unapungua, na gizani anayumba. Mtu mzima mwenye uvimbe wa namna hiyo upande mmoja tu, bila ugonjwa huu katika ukoo, mara nyingi hunufaika sana na upasuaji wa mionzi. Mwenye NF2 hupimiwa kwa mizani nyingine, kwa kuwa matokeo huwa si mazuri kiasi hicho na usikivu wa pande zote mbili uko hatarini.

Picha ya uvimbe inaweza kufanana na tiba ikatofautiana. Kinachotofautisha ni habari za ukoo.

Lawama haina nafasi

Tatizo ni kwamba habari hizo ndizo familia huzificha. Mjomba aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 25 hatajwi. Shangazi mwenye vinundu mwilini hukaa chumbani wageni wakija. Mtoto akiugua, vidole humwelekea mama: ameuleta kwao, au alikula kitu alipokuwa mjamzito.

Ukweli ni tofauti. NF1 inaweza kutoka kwa baba au kwa mama kwa uwezekano ule ule. Mzazi mwenye nayo, kila ujauzito ni kama kurusha shilingi: nusu kwa nusu. Na takribani nusu ya watoto wenye NF1 ni wa kwanza katika ukoo wao. Badiliko limetokea lenyewe, bila kosa la mtu, bila chakula wala kijicho. Anayetafuta wa kulaumiwa anapoteza muda ambao ungetumika kuwapima wadogo zake.

Kuijua jeni kumeleta matumaini pia. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya kumeza iitwayo selumetinib kwa watoto wa kuanzia miaka 2 wenye NF1 na uvimbe wa mishipa ya fahamu usioweza kukatwa wote. Dawa hiyo hupunguza kasi ile ile ambayo breki mbovu imeshindwa kuizuia.

Mzazi afanye nini?

Ahesabu mabaka. Yakiwa sita au zaidi, kila moja likizidi nusu sentimita kwa mtoto ambaye hajabalehe, ampeleke kwa daktari wa watoto. Vidoa vidogo vidogo kwapani au kwenye kinena navyo vitajwe. Mtoto anayethibitika kuwa na NF1 apimwe macho kila mwaka, hata kama haoni shida.

Kwa mtoto yeyote, kichwa kinachouma mara kwa mara asubuhi pamoja na kutapika, makengeza yaliyoanza ghafla, kuyumba anapotembea, degedege bila homa, au kichwa cha mtoto mchanga kinachokua haraka kupita kawaida, si mambo ya kumalizia duka la dawa. Watoto wengi wenye maumivu ya kichwa hawana uvimbe. Lakini wachache walio nao hupona vizuri zaidi wakiwahi.

Na ikifika siku ya kuzungumzia mionzi, mzazi aulize mambo matatu kabla ya kusaini. Huu ni uvimbe wa aina gani? Je, mtoto amechunguzwa kama ana ugonjwa wa kurithi? Na kwa umri wake, ipo njia nyingine ya kujaribu kwanza? Ubongo wa mtoto bado unakua, na kwa walio chini ya miaka 3 madaktari huikwepa mionzi kadiri inavyowezekana. Daktari mzuri hakasirishwi na maswali hayo.

Kabla ya siku hiyo, kuna kazi ndogo isiyohitaji mashine wala nauli. Bibi aulizwe tena, kwa upole, na baba avue shati ahesabiwe mabaka yake. Kisha yale maneno yaliyosemwa bafuni, “hata baba yake anazo,” yaandikwe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, mahali ambapo daktari atayaona.