Njaa ya Mwanafunzi Si Ulafi

Ni ada katika shule zetu nyingi za mabweni kwamba mwanafunzi anayerudi kuomba chakula mara ya pili huitwa mlafi. Kejeli hiyo hutoka kwa wenzake na, jambo la kusikitisha zaidi, wakati mwingine hutoka kwa mwalimu wa zamu. Yafaa tujiulize: je, njaa ni tabia mbaya inayoweza kukomeshwa kwa maneno makali?

Sayansi yasema sivyo. Njaa na shibe huongozwa na homoni, yaani kemikali zinazosafirishwa na damu kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Tumbo likiwa tupu hutoa grelini, homoni iliyogunduliwa na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani mwaka wa 1999. Hiyo ndiyo inayoubishia ubongo hodi na kuuarifu kwamba wakati wa kula umewadia. Kinyume chake ni leptini, iliyogunduliwa mwaka wa 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Leptini hutolewa na mafuta ya mwili, nayo huujulisha ubongo kwamba akiba ingalipo. Chakula kinapofika utumboni, homoni nyingine za shibe hutolewa, lakini ujumbe wake haufiki mara moja. Anayelazimishwa kula kwa haraka huinuka mezani kabla ya kuupokea.

Usingizi nao una sehemu yake. Mwaka wa 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vijana 12 wa kiume wenye afya. Baada ya kulala saa 4 tu kwa usiku mbili mfululizo, leptini yao ilikuwa chini kwa asilimia 18 na grelini juu kwa asilimia 28, ikilinganishwa na walipopewa saa 10 za kulala. Njaa ilizidi kwa asilimia 24. Ni kweli kwamba vijana hao walikuwa wachache, na si kila uchunguzi uliofuata uliotoa matokeo yaleyale kuhusu homoni hizo. Hata hivyo, tafiti nyingi zimekubaliana kwamba asiyelala vya kutosha hula zaidi.

Jambo hili latuhusu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zimetenga saa 3.30 usiku hadi saa 12.00 asubuhi kuwa muda wa kulala kwa wanafunzi wa mabweni. Lakini zipo shule zinazowaamsha saa 10.00 alfajiri wakadurusu. Tunawanyima usingizi, tunawapa dakika chache za kula, kisha tunawacheka wanapopanga foleni tena!

Wapo watakaodai kwamba ushindani wa mitihani hauruhusu usingizi. Hoja hiyo haina mashiko, kwani akili iliyochoka haishiki somo.

Walimu wakuu wazitii kanuni hizo na kuongeza muda wa mlo. Walimu wa Biolojia nao wawaeleze wanafunzi kwamba kukesha hadi usiku wa manane si ushujaa. Wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwalimu, aliyekabidhiwa watoto wa watu, hana budi kumjua.