Utenzi Usiotosha Bahashani: Kiambatisho cha Barua Pepe na Utafiti wa Fasihi Simulizi

Aghalabu mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili anaporejea kutoka nyanjani, mzigo wake huwa si madaftari pekee. Huja na sauti. Fanani wa Lamu amemghania utenzi kwa muda wa saa nzima. Ajuza fulani amemtambia ngano. Siku mbili baadaye msimamizi wake humwagiza kwa maneno mepesi: "Nitumie rekodi hiyo kwa barua pepe." Hapo ndipo mkasa huanza, kwani barua hukataliwa kwa sababu kiambatisho kimepita kipimo.

Hesabu yenyewe haina siri. Sauti ya mkondo mmoja iliyorekodiwa katika muundo wa WAV, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, huchukua takriban megabaiti 5.3 kila dakika. Saa moja basi hupita megabaiti 317. Huduma ya Gmail, inayotumiwa na wanafunzi wengi, huruhusu viambatisho vya megabaiti 25. Isitoshe, barua pepe ilibuniwa ili ibebe matini, si sauti. Hivyo kila baiti 3 za faili huandikwa upya kwa herufi 4 kabla ya kusafiri, na faili huvimba kwa thuluthi moja. Pale ambapo kipimo cha megabaiti 25 huhesabiwa baada ya uvimbe huo, faili asilia haiwezi kuzidi takriban megabaiti 18. Utenzi wa saa moja utahitaji barua 18! Ni msimamizi gani atakayeziunganisha?

Kuna kinaya hapa. Mnamo Machi 1992, Nathaniel Borenstein alipotuma kiambatisho cha kwanza kwa utaratibu wa MIME, alituma picha na wimbo wa kundi la waimbaji wanne, naye akiwa mmoja wao. Kiambatisho kilizaliwa kikiimba, ila hakikuzaliwa ili kibebe utenzi.

Mwanafunzi aliyebanwa hufanya nini? Huibana sauti. Kuifunga faili kwa zip hakumfai sana, hasa ikiwa tayari ni MP3, maana haina tena cha kupunguzwa. Hata MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hufikia megabaiti 58 hivi kwa saa. Basi huishusha na kuishusha hadi iingie, na wapo wanaorekodi tangu mwanzo kwa muundo hafifu wa rununu wenye sampuli 8,000 kwa sekunde ili waepuke usumbufu. Rekodi ya namna hiyo haiwezi kuhifadhi chochote kilicho juu ya hezi 4,000, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya sauti /s/ imo huko juu. Mtafiti wa lahaja ya Kimvita anayetaka kuitenga /t/ ya meno na ile ya ufizi, au kulipambanua paa la nyumba na p'aa wa mwituni, amejipofusha mwenyewe. Huu si udhaifu wa kiufundi tu. Ushahidi wa tasnifu umeharibiwa kwa sababu ya bahasha, na fanani mkongwe huenda asipatikane tena aghanie mara ya pili.

Ndiyo maana desturi ya kudai kila kitu kwa kiambatisho yafaa ikomeshwe idarani. Faili kubwa haina haja ya kusafiri ndani ya barua. Na ipakiwe kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha barua ibebe kiungo tu. Akaunti ya kawaida ya Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, kiasi kinachotosha saa arubaini na ushei za rekodi kama hiyo, mradi mwenyewe hajaijaza kwa picha na barua. Muundo wa FLAC nao hupunguza ukubwa, mara nyingi hadi kukaribia nusu, bila kupoteza hata chembe ya sauti. Inashangaza kwamba jina lake ni nadra kusikika katika mihadhara ya mbinu za utafiti.

Wapo watakaoteta kwamba vifurushi vya data ni ghali. Ni kweli, na kwa hiyo upakiaji ufanywe chuoni, penye mtandao wa bure, wala si kwa fedha za nauli ya mwanafunzi. Diski ya mkononi nayo si dawa: hupotea ndani ya matatu na husambaza virusi kutoka tarakilishi hadi tarakilishi.

Pingamizi zito zaidi ni la faragha. Sauti inayomtambulisha mtu ni data yake ya kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kiungo kilicho wazi kwa yeyote aliye nacho ni mlango usio na komeo. Ruhusa itolewe kwa anwani ya msimamizi tu. Huduma za kupitisha faili kama WeTransfer nazo hufuta faili baada ya muda, kwa hiyo hufaa kusafirishia, hazifai kuhifadhia.

Tena akaunti ya mwanafunzi si ghala la idara. Akihitimu, akaunti ya chuo yaweza kufungwa na kiungo kife pamoja nayo, hata kama tasnifu imejalidiwa na kupangwa maktabani. Idara ndiyo impe mwanafunzi folda yake kabla hajaenda nyanjani, naye arudishe humo rekodi asilia, ikiandamana na tarehe, mahali na idhini ya fanani.