Kuchemsha Maji Tunakufundisha Nusu

Walimu watarajiwa wenzangu, tuongee. Kwetu Kivukoni, Ifakara, kila mtoto anajua: chemsha maji kabla ya kunywa. Kwa kipindupindu ni sahihi kabisa, vijidudu vinakufa. Ila wengi wetu tutapangiwa shule Mwanza, Mara au Kagera, na kule kuna siku maji ya ziwa hufika ufukweni yakiwa ya kijani kama rangi ya ukuta. Hapo somo letu halitoshi.

Ukijani huo mara nyingi ni sainobakteria. Baadhi yake, hasa jamii ya Microcystis, hutengeneza mikrosistini, sumu inayoharibu ini. Watafiti wameshaikuta Ghuba ya Mwanza na hata Ghuba ya Winam, Kisumu.

Inatengenezwaje? Protini za kawaida huundwa kwenye ribosomu. Hii haipiti huko. Vimeng'enya vikubwa hufanya kazi kama mafundi waliojipanga: huyu anaunga amino asidi moja, anamkabidhi mwenzake, mpaka zinatimia saba, kisha mnyororo unafungwa kuwa duara. Duara hilo ni gumu, na moto wa jikoni hauliwezi. Kuchemsha kunapasua seli tu, halafu sumu iliyokuwa ndani inamwagika kwenye maji.

Sasa angalia tunavyofundisha vimeng'enya: tafuna wali, sikia utamu, amilesi imevunja wanga, basi. Mwanafunzi anamaliza kidato cha nne akidhani vimeng'enya ni vya kuvunja chakula tu. Kumbe vinajenga pia, na vingine vinajenga sumu.

Kuna atakayesema hayo ni ya chuo kikuu. Sikubali. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazili, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walikufa baada ya kusafishwa damu kwa maji yenye sumu hii. Kama hospitali iliponzwa na maji, mtoto mwenye ndoo je?

Tena huhitaji maabara kulifundisha. Si kila sainobakteria ina jeni za vimeng'enya hivyo, na jicho haliwezi kutofautisha. Kwa hiyo waambie wanafunzi: maji ya kijani yenye utando usinywe, usiogelee, usinyweshe ng'ombe. Tafuta kwanza maji safi, ya bomba au kisima. Ukishayapata, ndipo uchemshe.