Rai ya Msomaji Aliye Katikati ya Kitabu

Watu wa miji yetu wakikutana huulizana habari za nyumbani, za afya na za watoto, kisha wakahamia bei ya sukari na matokeo ya Simba na Yanga, na katika hayo yote hapana anayengoja apate yakini ndipo aseme, kwa kuwa kila mtu ana rai hata juu ya mchezaji ambaye hajamwona akicheza dakika kumi. Lakini siku ambayo mmoja wao atamwuliza mwenziwe anasoma kitabu gani, yule aliyeulizwa hushtuka kama aliyeitwa mbele ya kadhi, akatafuta jina la kitabu chenye heshima, au akajibu kwamba anacho kimoja lakini bado hajakimaliza, na kwa hiyo hana la kusema. Jibu hilo la mwisho ndilo linalonishughulisha, maana hutolewa kwa unyenyekevu na husikika kuwa ni adabu njema, nami naliona kuwa ndilo lililotunyima mazungumzo ya vitabu kwa muda mrefu. Mtu ambaye hajamaliza kitabu ndiye hasa mwenye la kusema.

Asili ya woga huu si ngumu kuitambua. Wengi wetu tulikutana na riwaya kwa mara ya kwanza darasani, na darasani kitabu huja kikiwa kimekwisha kuhukumiwa: maudhui yamehesabiwa, fani imechambuliwa, wahusika wamegawanywa wema huku na waovu kule, na ujumbe umewekwa tayari ili mtahiniwa aukariri. Nchini Kenya, ambako Utengano ya Said Ahmed Mohamed na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora zimepata kutahiniwa katika shule za sekondari, na kwetu Tanzania vilevile, kitabu cha mtihani hufuatwa na kijitabu kingine kiitwacho mwongozo, na wapo watu wazima, wenye vyeti, waliofaulu fasihi kwa mwongozo peke yake bila ya kugusa ukurasa wa riwaya yenyewe. Siwalaumu walimu, ambao wanafunzi wao ni wengi na muda wao ni mchache. Nasema tu kwamba mtu aliyelelewa hivyo, akiulizwa rai yake, hudhani anaulizwa jibu sahihi, na kwa kuwa amefundishwa kwamba jibu sahihi hukaa mwisho wa kitabu, hunyamaza mpaka afike huko, na aghalabu hafiki.

Haikuwa hivi siku zote. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na mashairi ya wasomaji ambamo mtu wa mji mmoja alitoa hoja, na mtu wa mji mwingine, ambaye walikuwa hawajapata kuonana, akamjibu kwa shairi, wala hapana aliyetakiwa aonyeshe shahada kwanza. Magazeti yenyewe yalisomwa kwa sauti barazani, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, na msikilizaji aliyechukizwa hakusubiri nukta. Ghera hiyo ilikuwa bado hai mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, na washairi wa jadi wakaona kwamba ushairi umevunjiwa heshima. Ugomvi ule ulikuwa mkali, na baadhi yake, tukisema kweli, ulikuwa matusi yaliyovishwa kanzu ya elimu. Hata hivyo aliyetaka kukipinga kitabu alilazimika kukifungua apate pa kushikia, jambo ambalo kimya cha adabu hakijapata kumfanyia mwandishi yeyote.

Anayetaka kuonja ladha ya rai isiyokamilika na aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotoka mwaka 1960, ambamo Bwana Msa, na kiko chake, huchunguza kisa cha mauaji. Hapo aliyemaliza hana faida kwetu, kwani akifungua kinywa ametuharibia. Wenye faida ni wale wawili waliofika katikati, kila mmoja na mtuhumiwa wake, wanaobishana mpaka kahawa inapoa.

Lakini hadithi za upelelezi ni mfano mwepesi. Mfano mzito ni Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ikazuiwa isisomwe mashuleni, na baadaye ikaruhusiwa. Mwanzoni tunamwona Zakaria, baba mlevi na mkali wa kule Ukerewe, akimpiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na msomaji wa kurasa hizo, awe mzazi au kijana, humhukumu Zakaria pasi na tashwishi. Kisha Rosa anakwenda masomoni, anapata uhuru ambao hakufundishwa kuutumia, na mwenendo wake unageuka. Hapo msomaji yule yule aliyekuwa wakili wake huanza kusitasita, tena wako wanaoitangua hukumu nzima na kusema kwamba kumbe baba aliona mbali. Mwisho Rosa anajiua, na mwandishi, kana kwamba naye hakuridhika na mahakama za dunia hii, anaifikisha kesi ya baba na binti mbele ya Mungu. Sasa tumchukue msomaji aliyengoja mpaka ukurasa wa mwisho ndipo azungumze: atatuambia kwamba kitabu kinafunza malezi mema, na hatakuwa amesema uongo; lakini zile hukumu mbili alizozitoa na kuzitangua njiani, ile hasira yake kwa Zakaria na ile aibu ya kumgeuka Rosa, atakuwa amezisahau au amezificha, ilhali hizo ndizo zilizokuwa kusoma kwenyewe. Ningependa kumsikia mama mwenye binti wa umri wa Rosa akieleza yaliyompita moyoni usiku ule alipofika katikati, kabla hajapata nafasi ya kuyapanga.

Rai ya namna hii ina haki nyingine, nayo ni haki ya kushindwa. Mwandishi huyo huyo alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, vitabu vyembamba ambavyo mtu hudhani atavimaliza alasiri moja, na ambavyo vimewaacha njiani wasomaji hodari. Katika majlisi zetu humpati mtu aliyekwama katika Nagona: wote wanakisifu, na ukiuliza zaidi utasikia neno falsafa, kisha kimya. Laiti mmoja angekiri kwamba alifika mahali fulani akapotea, huenda jirani yake angemjibu kwamba naye alipotea papo hapo, au angemwonyesha alikopitia.

Simu zimeyarahisisha mazungumzo ya vitabu na kuyadhoofisha. Watu hupelekeana picha ya jalada kando ya kikombe cha chai, na chini yake maneno kwamba kitabu ni kizuri sana, kila mtu akisome, maneno yanayoweza kubandikwa chini ya jalada lolote duniani. Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, pongezi zilitoka pia kwa wengi wasiokuwa wamesoma neno lake hata moja, nao walikuwa na udhuru, kwani aliandika kwa Kiingereza. Lakini mwaka 2022 ilitoka Peponi, tafsiri ya riwaya yake mojawapo iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, na udhuru ukaisha. Pongezi tunazo za kutosha. Ninachokitamani ni kumsikia mtu wa Pangani au wa Bagamoyo, aliyefika pale Yusuf anapochukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake, aseme kama anamchukia Aziz, au anamwogopa tu, au anajishangaa kwa kuvutiwa naye.

Mimi hivi sasa narudia Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ambayo mengi yake nilikuwa nimeyasahau, na nimeifikia nusu. Yasmin amekwisha kumkimbia mzee Raza aliyeozwa kwake, amepokewa Ng'ambo nyumbani kwa Mwajuma, na amempenda Denge, ambaye siasa zake zinawindwa na polisi wa serikali ya kikoloni. Rai yangu mpaka hapa ni kwamba Denge anaipenda siasa kuliko anavyompenda Yasmin, na kwamba mwandishi amelijua hilo na anamsamehe upesi mno. Tena namwona Mwajuma, ambaye wasomaji wengi humpita wakimdhani mtu wa kuchekesha tu, kuwa ndiye mwenye akili timamu kuliko wote nyumbani mle. Yumkini kurasa zilizobaki zitanikadhibisha. Aliye mbele yangu kwa sura mbili tatu, au aliyekiweka chini kwa hasira mahali ambapo mimi nilifurahi, na amwandikie mhariri wiki hii, kabla sijakimaliza.