Ardhi imekwisha pimwa, lakini nani atatunza daftari?

Ukimwuliza mzazi yeyote hapa Rusumo, Rubavu au Rusizi angependa mwanawe asomee nini, atakujibu udaktari, uanasheria, uhasibu, au kazi ya forodha kwa kuwa ndiyo anayoiona kila siku mpakani. Sijasikia hata mmoja akitaja upimaji wa ardhi. Watu wengi huiona kazi hiyo kuwa ya kubeba fimbo na kuburuta mnyororo porini chini ya jua. Leo, ndugu wasomaji, napenda kusema kwamba sisi tuliorudi kutoka nje, na sisi tunaoishi kwa biashara ya mpakani, ndio tunaopaswa kuithamini kazi hii kuliko watu wengine wote. Tusipoithamini, tutakuja kuilipia kwa ugomvi na kesi.

Nianze na sisi tuliorudi. Mimi nilizaliwa Karagwe, ng'ambo ya mto Akagera, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1959. Nilikua nikisikia habari za kilima ambacho sikuwahi kukiona. Mpaka wake, niliambiwa, ni mti fulani, jiwe fulani na kijito fulani. Ramani yetu ilikuwa kichwani mwa mzee, na mzee akifa, ramani huzikwa pamoja naye.

Wenzangu wengi walirudi na ramani za namna hiyo. Tunajua yaliyofuata. Itifaki ya Arusha kuhusu wakimbizi, iliyotiwa saini Juni 1993, ilipendekeza kwamba mtu aliyeondoka zaidi ya miaka 10 iliyopita asidai mali yake ya zamani iliyokwisha shikwa na wengine, bali serikali imtafutie mahali pengine. Baada ya mwaka 1994 tulirudi kwa mamia ya maelfu, na mwishoni mwa mwaka 1996 wakarudi wengine kwa wingi kutoka kambi za Zaire na Tanzania. Sehemu za mashariki, hasa Kibungo, familia ziligawana mashamba. Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 iliwatambua waliopata ardhi kwa mgawanyo huo. Lakini kutambuliwa kisheria ni jambo moja, na kujua mpaka unapita wapi kati ya migomba yangu na migomba ya jirani ni jambo jingine. Hilo la pili sheria haliwezi. Linamhitaji mpimaji.

Kuna funzo jingine ambalo sisi wa mashariki hatupaswi kulisahau. Mwaka 1919, Milner kwa niaba ya Uingereza na Orts kwa niaba ya Ubelgiji walikubaliana jinsi ya kugawana makoloni ya Wajerumani katika sehemu zetu. Waingereza walitaka njia ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo, na kwa ajili ya reli hiyo Gisaka ikakatwa kutoka Rwanda. Reli haikujengwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya malalamiko mengi, Gisaka ikarudishwa. Nauliza: wakati mstari huo unachorwa, ni mtu gani wa Gisaka aliyeshika kalamu? Asiyekuwa na mtu wake penye ramani huambiwa tu kwamba kuanzia leo anakaa nchi nyingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nchi hii ililifanya vizuri, na ambalo nchi nyingine huja kujifunza. Kati ya mwaka 2007 na 2008 upimaji wa ardhi yote ulijaribiwa kwanza katika seli nne za wilaya za Musanze, Gasabo, Karongi na Kirehe, karibu vipande 15,000. Kisha, kuanzia mwaka 2009, kazi ikaenea nchi nzima. Hadi mwaka 2013 vipande zaidi ya milioni 10 vilikuwa vimewekewa mipaka na kuandikwa. Mwenye ardhi alilipa faranga 1,000 tu kwa kipande kimoja.

Iliwezekanaje? Kama wangetumwa wahandisi wenye mashine za bei kubwa kupima kila kona kwa sentimita, kazi ingechukua vizazi viwili. Badala yake nchi ilipigwa picha kutoka angani, na picha zikachapishwa kwa vipimo sahihi. Wakachaguliwa vijana wa kila mahali, wengi wao wasio na shahada yoyote, wakafundishwa kusoma picha hizo. Wakaenda shambani na karatasi mkononi. Mwenye shamba akasimama, majirani wake wakasimama, wazee wa seli wakashuhudia. Kijana akafuata kwa kalamu mstari wa miyenzi unaoonekana pichani, na majirani wote wakakubali. Wenye ubishi waliandikwa peke yao na kupelekwa kwa abunzi. Baadaye orodha na ramani zikawekwa hadharani ili mwenye malalamiko aseme kabla hati haijatoka.

Wengine wakisikia neno uvumbuzi hufikiria setilaiti na kompyuta tu. Kwa maoni yangu uvumbuzi mkubwa hapo ulikuwa kuikutanisha picha ya angani na kinywa cha jirani. Picha inaonyesha ua wa miyenzi, lakini haijui ni wa nani. Jirani anajua ni wa nani, lakini hawezi kuuchora. Kijana yule wa seli ndiye aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Matunda yake tumeyaona. Mjane ana karatasi yenye jina lake. Mke aliyeolewa kisheria ameandikwa pamoja na mumewe, ingawa yule aliyeishi na mwanamume bila ndoa ya kisheria mara nyingi alibaki nje, na hilo ni pengo ambalo bado linaumiza familia nyingi. Kwa mfanyabiashara, hati imekuwa ufunguo wa benki: mtu wa Rusizi anaweza kuweka shamba lake dhamana, akapata mtaji wa kununua dagaa au vitenge, badala ya kukopa kwa mtu binafsi kwa riba ya kumkamua.

Lakini wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na daftari lisiloandikwa kila siku si daftari tena. Mfanyabiashara yeyote analijua hilo. Ukifungua duka, ukahesabu bidhaa siku ya kwanza, halafu usiandike kilichouzwa wala kilichoingia, baada ya mwaka mmoja hesabu yako ya kwanza itakudanganya. Ardhi ni hivyo hivyo. Tangu kazi ile imalizike, watu wamekufa na watoto wamerithi. Watu wameuza nusu ya shamba ili kulipa karo. Ndugu wamegawana. Je, mabadiliko hayo yote yameandikwa? Hapana. Mengi yamefanyika kwa karatasi ya mkono, mashahidi wawili na chupa ya urwagwa.

Sababu zipo, na si ujinga wa wananchi. Kwa miaka mingi ada ya kuhamisha ardhi ilikuwa faranga 30,000 kwa kila kipande, kiwe kikubwa au kidogo kama kiganja. Sheria ya mwaka 2013 nayo ilikataza kugawanya ardhi ya kilimo iliyo chini ya hekta moja. Sasa piga hesabu mwenyewe. Nchi yetu ina kilomita za mraba 26,338 pamoja na maziwa na mbuga, na vipande vimepita milioni 10. Kwa wastani kipande kimoja hakifiki hata theluthi ya hekta. Baba mwenye watoto wanne afanye nini? Aliwagawia kimyakimya, na daftari la serikali likabaki na jina lake yeye aliyekwisha kufa.

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayenunua kipande karibu na barabara ya mpakani ili ajenge ghala. Amelipa fedha, ameshika karatasi ya mkono. Anaenda benki, anaambiwa kipande hicho ni cha mtu mwingine. Mtoto wa muuzaji anarudi kutoka Uganda au Tanzania, anasema hakuulizwa. Ghala linasimama, kesi inaanza. Sisi tuliorudi tunajua kuliko watu wote maana ya watu wawili wenye haki kudai kipande kimoja. Nchi haikutumia fedha na nguvu zote zile ili turudi hapo tena.

Kwa hiyo nasema hivi: kazi ya kupima mara moja imekwisha, na kazi ya kutunza imeanza, na hii ya pili haina mwisho. Kila urithi ni kazi. Kila mauzo ni kazi. Kila barabara mpya inayokata mashamba inahitaji mtu wa kupima na mwingine wa kuthamini fidia. Mwezi Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 kaskazini na magharibi mwa nchi, na Rubavu nyumba nyingi za kando ya mto Sebeya zilibomoka. Ni nani atakayeonyesha kabla ya mvua nyingine ni nyumba zipi ziko penye hatari? Ni mtu wa ramani.

Wapo wanaosema mashine zitafanya yote. Simu ina GPS, na ndege zisizo na rubani tumezizoea tangu Oktoba 2016 zilipoanza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Nawajibu kwamba simu ya mkononi hukosea kwa mita kadhaa. Kwa dereva wa lori mita tano si kitu, atafika Kigali tu. Kwa shamba la upana wa mita 20, mita tano ni robo ya shamba. Ili kufika sentimita, kipokezi hulinganishwa na vituo vilivyosimikwa mahali panapojulikana, ambavyo husahihisha makosa ya mawimbi ya setilaiti. Lazima awepo mtu anayeelewa kwa nini namba moja ni ya kuaminiwa na nyingine si ya kuaminiwa. Na hata sentimita ikipatikana, bado jirani lazima aulizwe.

Mafunzo nayo hayako mbali. INES-Ruhengeri, pale Musanze, hufundisha upimaji wa ardhi, na Chuo Kikuu cha Rwanda nacho kina masomo ya ardhi na ramani. Kwa watoto wetu waliosoma kwa Kiswahili na Kiingereza huko Tanzania, Chuo Kikuu Ardhi kiko Dar es Salaam, na Tabora kuna Chuo cha Ardhi kwa ngazi za chini ya shahada. Nairobi kuna kituo cha RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya ramani na picha za setilaiti za nchi zetu. Na kwa asiye na karo bado mlango haujafungwa. Programu ya QGIS, iliyoanza mwaka 2002, hailipiwi hata faranga moja. Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanza mwaka 2004, kijana anaweza kuijaza barabara na masoko ya mtaa wake akiwa na kompyuta ya kawaida, na kwa kufanya hivyo akajifunza kazi.

Tena wale vijana wa seli waliofuata miyenzi kwa kalamu hawakupotea. Wengi wako hapa hapa, sasa ni watu wazima wenye familia. Ujuzi wao unaozea vijijini. Ningependa wapewe mafunzo mafupi na cheti, kisha waruhusiwe kufanya kazi ndogo za kugawanya vipande chini ya usimamizi wa mpimaji aliyesajiliwa. Mwananchi asipoteze siku tatu akisafiri kumtafuta mtaalamu mjini.

Kwa wakuu wetu nina maombi mawili. La kwanza, ada za kuhamisha na kugawanya zilingane na thamani ya kipande, ili maskini asilazimike kujificha. La pili, kila sekta ya mpakani iwe na siku maalumu ya upimaji, kama ilivyo siku ya soko. Tangu mwaka 2023 hati hutolewa kwa njia ya kielektroniki, na hilo ni jema. Lakini kompyuta hutoa kile ilichopewa tu. Ikipewa jina la marehemu, itatoa jina la marehemu kwa haraka zaidi.

Na kwako mfanyabiashara mwenzangu: usinunue ardhi kwa karatasi ya mkono, hata kama muuzaji ni rafiki yako wa miaka 20. Kamwone ofisa wa ardhi, ita majirani, lipa ada, andikisha. Na wewe mzazi uliyerudi, mtoto wako akisema anapenda hesabu na anapenda kutembea milimani, usimcheke. Mpeleke akasomee kazi ambayo, kama ingekuwapo kwetu zamani, sisi tungerudi na ramani mkononi.