Mapatano ya Nauli Yangali Hai

Imani kwamba programu za usafiri, yaani zile zinazomuunganisha abiria na dereva kwa njia ya simu, zimekomesha mapatano ya bei katika teksi za Dar es Salaam, imerudiwa mara nyingi tangu Uber ilipoingia jijini mwaka 2016, hata ikaonekana ni jambo lisilohitaji ushahidi. Kilichotokea ni kwamba mapatano yalihama kijiweni, ambako teksi husubiri wateja, yakaingia katika simu ambayo dereva humpigia abiria mara tu baada ya kupokea ombi lake, akitaka kujua anakokwenda, nauli anayoonyeshwa, na kama atalipa keshi au kwa kadi. Jibu lisipomridhisha, dereva huomba aongezewe elfu mbili au tatu, au humsihi abiria aghairi safari yeye mwenyewe, kwa kuwa dereva anayeghairi mara kwa mara hujiharibia rekodi.

Abiria wengi hupenda kuulaumu uroho wa madereva, lakini hesabu ya dereva haifichiki: kwenye nauli hiyohiyo hutoka kamisheni, yaani sehemu inayochukuliwa na kampuni, kisha mafuta, na mara nyingi hesabu ya mwenye gari, yaani fedha anazodai mmiliki. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipoweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15 mwaka 2022, Uber ilisitisha huduma zake nchini mwezi Aprili, ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya ukomo huo kupandishwa hadi asilimia 25. Katika mvutano huo abiria alikuwa mtazamaji, ingawa fedha zilizogombewa zilitoka mfukoni mwake.

Ni kweli kwamba programu huhifadhi jina la dereva, namba ya gari na njia iliyofuatwa, na hiyo ni faida ambayo teksi bubu, yaani gari linalobeba abiria bila leseni, haiwezi kuitoa. Lakini faida hiyo hudumu pale tu safari inapobaki ndani ya programu. Abiria anayekubali kughairi na kulipa keshi ili mvua isimkute njiani kabla ya kufika Kimara, huketi ndani ya gari ambalo kumbukumbu zinaonyesha kuwa hakulipanda kamwe. Ilhali aliyekodi teksi ya kijiweni, akisahau mkoba, hurudi palepale kwa madereva wanaomjua mwenzao kwa jina na kwa mtaa anaokaa, na ambao, angalau, hupatana bei waziwazi kabla gari halijawashwa.